Leseni katuma yeye, linki katuma yeye: nitajuaje huduma ya pesa mtandaoni ni salama?

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nataka kuanza kununua huduma za kifedha mtandaoni ila naogopa kupigwa. Mambo ni mawili. La kwanza kuna apu ya uwekezaji, rafiki yangu yumo na anapata asilimia 2 kila siku, na kweli ameshatoa faida mara mbili nimeona kwa macho yangu. Ajenti wao akanitafuta WhatsApp, mpole sana, kanitumia cheti cha usajili wa kampuni, namba ya leseni na linki ya tovuti, nimeangalia ina alama ya kufuli. Ameshanifungulia akaunti, nimempa picha ya kitambulisho na selfi, pesa bado. La pili nataka bima ya afya, na kuna mtu ananiuzia ya kampuni kubwa kwa nusu bei. Nitajuaje kipi ni salama?

Jibu: Dada yangu, ahsante kwa kuuliza kabla pesa haijatoka, wengi wananiandikia ikiwa imeshaenda na hapo maongezi yanakuwa mengine kabisa.

Nianze na hiyo asilimia 2 kwa siku, manake hapo hatuhitaji hata kuijua kampuni, tunahitaji kikokotoo cha simu tu. Asilimia 2 kila siku, ukiacha faida izae faida, kwa siku 365 mtaji wako unakuwa mara 1,377 hivi. Ukiweka 100 mwisho wa mwaka una 137,700. Sasa mtu mwenye uwezo huo anakuhitaji wewe wa nini? Si angeenda benki akakope hata kwa riba ya asilimia 30 kwa mwaka, alipe, anyamaze, awe tajiri peke yake. Badala yake ameajiri ajenti mpole akutafute WhatsApp. Haiingii akilini.

Na hii hesabu sio mpya. Charles Ponzi pale Boston mwaka 1920 aliahidi asilimia 50 ndani ya siku 45, ndo jina lake likabaki kuwa jina la mchezo mzima wa kuwalipa wa mwanzo kwa pesa za wanaofuata. BitConnect waliahidi kama asilimia 1 kwa siku kwa kutumia eti roboti ya kufanya biashara ya kripto, wakafunga Januari 2018. Ila usije ukadhani kwamba ahadi ndogo ndo usalama, maana Bernard Madoff, msimamizi wa uwekezaji wa Marekani, hakuahidi maajabu, yeye wateja wake waliona asilimia 10 hivi kwa mwaka, kila mwaka, bila kuyumba, na aliwapiga kwa miaka mingi mpaka alipokamatwa Desemba 2008. Kwake kilichotakiwa kuwashtua watu ni ule utulivu, soko linapanda na kushuka ila karatasi zake zinapanda tu.

Sasa kuhusu rafiki yako. Hajakudanganya, kweli katoa, na hiyo ndo sehemu ngumu kuliko zote kwenye jambo hili. Kumlipa mtu wa mwanzo kiasi kidogo ni gharama ya matangazo kwao, na pesa yenyewe imetoka kwa walioingia nyuma yake. Baada ya hapo yeye ndo anakuwa tangazo, tena tangazo ambalo huwezi kulitilia shaka maana unamjua, mmekula pamoja. Kwa hiyo swali la "je kuna mtu ameshatoa pesa" halisaidii. Mwambie kama anataka kujua ukweli aombe kutoa yote, mtaji na faida, afunge akaunti. Asikilize watakavyojibu. Kama ni matapeli utasikia kuna kodi ya kulipa kwanza, kuna ada ya kufungulia akaunti, kuna ngazi ya VIP hujaifikia, mfumo uko kwenye matengenezo. Kwenye taasisi ya kweli makato yanakatwa humo humo kwenye salio, unapokea kilichobaki. Mtu akikuambia utume pesa mpya ili akuachie pesa yako ya zamani, hapo hamna pesa ya zamani, kuna namba tu kwenye skrini.

Tuje kwenye ushahidi uliotumiwa. Cheti, namba ya leseni, linki, kufuli. Nataka uone kitu kimoja: vyote vimetoka kwake. Hata kama kila kimoja kinaonekana kizuri, ni shahidi yule yule mmoja anaongea mara nne. Kwenye pesa za mtandaoni mimi naangalia hicho kabla ya kitu kingine chochote, kwamba hii taarifa imenifikia kwa njia gani, mimi nimeifuata au nimeletewa. Nikiletewa, naiweka pembeni hata kama ni ya kweli, naenda kuitafuta mwenyewe kwa mlango mwingine.

Kufuli kwanza, tulimalize haraka. Lile kufuli maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya simu yako na hiyo tovuti yamefichwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Basi. Halisemi mwenye tovuti ni nani wala kama ni mwaminifu. Cheti cha kuweka kufuli kinapatikana bure kwa dakika chache, Let's Encrypt wanavitoa tangu 2015, na matapeli wanavichukua kama watu wengine wote. Kivinjari cha Chrome waliamua kuiondoa ile alama ya kufuli mwaka 2023, wakaweka alama nyingine isiyo na maana ya usalama, sababu watu walikuwa wanaielewa vibaya kama ulivyoielewa wewe. Kinachofaa kuangaliwa ni jina lenyewe la tovuti, na hapo soma ukianzia mwisho wa jina kurudi nyuma: neno lililopo kabla tu ya ile .com au .org ndo mwenye nyumba. Yaani jina la benki yako likiwa mwanzoni, alafu nukta, alafu neno lingine, alafu .com, hiyo tovuti ni ya hilo neno lingine, benki yako haihusiki. Na macho yawe makali, r na n zikikaa pamoja kwenye simu ndogo zinafanana sana na m.

Cheti cha usajili wa kampuni nacho ni hivyo hivyo. Kusajili kampuni ni kitu kimoja, kuruhusiwa kupokea na kuwekeza pesa za watu ni kitu kingine kabisa, ofisi tofauti, masharti tofauti. Matapeli wanapenda sana kuchanganya hivi viwili sababu cheti cha usajili kina muhuri na kinapendeza. Kuna mabroka wengi wa foreksi, yaani biashara ya sarafu, wanaojinadi kwamba wamesajiliwa Saint Vincent na Grenadini, nchi ya visiwa huko Karibi, wakati mamlaka ya huko yenyewe imeshasema haitoi leseni ya biashara ya foreksi. Wengine wanaonyesha usajili wa MSB wa Marekani, yaani wa biashara za huduma za pesa, ule wa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya huko, kana kwamba serikali ya Marekani imewakagua, na FinCEN wenyewe wameandika kwenye ukurasa wao kwamba kuwa kwenye orodha ile sio pendekezo wala uthibitisho kwamba biashara ni halali. Ni fomu mtu kajaza.

Namba ya leseni ndo yenye utamu kidogo, maana inawezekana kabisa ni ya kweli. Kweli ya kampuni nyingine! Hii janja ina jina, wadhibiti wanaita kampuni pacha: tapeli anachukua jina, anwani na namba ya leseni ya kampuni halali, anabadilisha simu, barua pepe na tovuti tu. Wewe unaenda kwenye rejista, unaandika namba, inatokea, jina linalingana, unapumua. Kumbe unaongea na mtu mwingine.

Kwa hiyo ukaguzi unaenda hivi. Kwanza ujue ni mdhibiti gani anayesimamia hiyo huduma kwenye nchi unayoishi, maana mara nyingi wako tofauti, benki kuu inasimamia benki na watoa mikopo, mamlaka ya masoko ya mitaji inasimamia uwekezaji, mamlaka ya bima inasimamia bima. Andika mwenyewe anwani ya mdhibiti, usibonyeze linki ya ajenti na usibonyeze matokeo ya juu yenye neno tangazo. Tafuta kampuni kwenye rejista yao. Uingereza wana rejista ya FCA, Marekani kuna BrokerCheck ya FINRA, na nchi nyingi zina kitu kama hicho, na kama huoni kwenye tovuti piga simu ya mdhibiti uulize, sio aibu, ndo kazi yao. Ukiipata kampuni usiishie hapo. Chukua namba ya simu iliyoandikwa KWENYE REJISTA, piga hiyo, waulize: mna ajenti anaitwa fulani, anatumia namba hii, mna apu hii? Ile simu ya dakika tano ndo inaua kampuni pacha.

Alafu angalia wameruhusiwa kufanya nini. Watu wengi hawafiki hapa. Kampuni inaweza kuwa na kibali cha kutoa ushauri ila haina kibali cha kushika pesa za wateja. Au imesajiliwa kwa ajili ya sheria za utakatishaji fedha peke yake, ambayo kwa kampuni za kripto ni kawaida sana, alafu kwenye matangazo wanaandika "tunasimamiwa na" wakati anayesimamia haangalii kabisa kama pesa yako iko salama. Na iangalie pia orodha ya tahadhari, wadhibiti wengi wanayo, na IOSCO, ule umoja wa wadhibiti wa masoko ya mitaji wa dunia wenye makao Madrid, wanakusanya tahadhari za nchi nyingi sehemu moja inayoitwa I-SCAN. Ukikuta jina humo, kimbia. Usipolikuta, bado haimaanishi ni wazuri, matapeli wanabadilisha majina kuliko orodha zinavyoweza kuwafuata.

Nije kwenye apu. Kama ajenti amekutumia faili la kuinstoli au linki ya nje ya duka rasmi la apu, hapo ungeishia tu. Ila hata ikiwa dukani, duka halikagui biashara ya mtu, linakagua apu. Kuna hata matapeli wanaotumia programu halali kabisa ya kufanyia biashara ya masoko, kama MetaTrader, programu ni ya kweli ila seva iliyounganishwa ni yao, kwa hiyo namba unazoziona wanaziandika wao. Na ajenti akikuambia uweke AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha simu kutoka mbali, ili "akusaidie kuweka pesa", hizo programu zenyewe hazina ubaya, ila umempa simu yako mkononi.

Swali lingine ambalo ningependa ujizoeze kuuliza, hata kwa kampuni halali, ni hili: wakifilisika kesho, pesa yangu iko wapi na nani ananilipa? Wateja wengi wanasoma tu kwamba amana zina bima. Marekani FDIC, shirika la bima ya amana, inakinga mpaka dola 250,000 kwa mteja kwa kila benki, Umoja wa Ulaya ni yuro 100,000, na nchi nyingine zina viwango vyao. Lakini kinga hiyo ni kwa amana kwenye benki, benki ikianguka. Sio kwa hisa zikishuka, na sio kwa apu iliyokaa katikati yako na benki. Mwaka 2024 Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Synapse, yenyewe ilikuwa inaunganisha apu mbalimbali za pesa na benki, watu walikuwa wanatumia apu nzuri zenye maandishi kwamba pesa iko benki yenye kinga ya FDIC, Aprili mwaka huo Synapse ikaomba ulinzi wa kufilisika, na watu zaidi ya laki moja wakajikuta hawafikii pesa zao. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama alikuta pengo la kati ya dola milioni 65 na 96 kati ya kile wateja wanachodai na kile kilichopo benki. Benki zenyewe hazikuanguka, kwa hiyo kinga haikufanya kazi. Hapo hamna tapeli aliyetuma linki, zilikuwa ni apu zinazojulikana. Ndo maana nasema soma akaunti inafunguliwa kwa jina la nani, lako moja kwa moja benki, au la kampuni "kwa niaba ya wateja".

Na hata bidhaa halali kutoka kwa kampuni halali inaweza kuwa haikufai. Mfano hizi CFD, yaani mikataba ya kubashiri bei kupanda au kushuka bila kumiliki kitu chenyewe, na foreksi za kukopeshwa mtaji na broka: mdhibiti wa masoko wa Ulaya, ESMA, mwaka 2018 alisema asilimia 74 mpaka 89 ya akaunti za watu wa kawaida zinapoteza pesa, akabana kiwango cha kukopeshana na akawalazimisha mabroka waandike asilimia yao ya wanaopoteza kwenye matangazo yao wenyewe. Hao ni wenye leseni! Kwa hiyo leseni inajibu swali moja tu, kama huyu ameruhusiwa kufanya biashara hii. Kama bidhaa itakufaa, hilo ni la kwako kulisoma.

Haya, bima. Nusu bei ya kampuni kubwa, kutoka kwa mtu. Dada, bima ya kampuni moja haiwezi kutofautiana hivyo kati ya ajenti na ajenti, kamisheni ya ajenti wa bima ya afya kwa kawaida haifiki nusu ya malipo ya mwaka hata aamue kukupa yote. Kwa hiyo kuna kitu kimepunguzwa. Ninachohisi ni wale madalali hewa, na wanafanya kwa njia kama tatu. Kuna anayetengeneza karatasi feki tu. Kuna anayenunua bima ya kweli kabisa ila anajaza taarifa za uongo ili bei ishuke, anapunguza umri, anaandika hakuna ugonjwa wowote, na wewe siku ukilazwa kampuni inakataa kulipa sababu fomu ina uongo, na fomu ina jina lako. Alafu kuna anayenunua ya kweli, anakuonyesha, unahakikisha ipo, wiki inayofuata anaifuta na kurudishiwa pesa yeye. Huyu wa tatu ndo anawapata hata waangalifu, maana walikagua siku ya kwanza tu.

Dawa yake sio ngumu. Lipa kwa kampuni ya bima yenyewe, akaunti yenye jina la kampuni, sio namba binafsi ya ajenti hata kama anasema "mimi nitalipia ofisini". Barua pepe na simu kwenye mkataba ziwe zako, sio zake, ili ikifutwa wewe ndo upate taarifa. Ukipewa namba ya mkataba piga kampuni kwa simu uliyoitafuta mwenyewe, waulize nani amekingwa, watoto wamo, kuanzia lini, na taarifa gani za afya zimejazwa. Rudia kupiga baada ya mwezi.

Na ukinunua mwenyewe mtandaoni, ambayo mimi naona ndo njia nzuri kwako, tumia muda wako kwenye sehemu mbili za mkataba: vitu visivyolipwa, na muda wa kusubiri. Kurasa za mbele zimejaa picha za familia zinazocheka, huko usikae. Bima ya afya mara nyingi ina miezi kadhaa ambayo uzazi au magonjwa uliyokuwa nayo hayalipwi, ina kiwango cha juu kwa kila aina ya matibabu, na ina hospitali wanazokubali na wasizokubali. Jibu maswali ya afya kwa ukweli hata kama bei inapanda, ukweli usiokulipia leo unaweza kukugharimu bima nzima kesho. Angalia viboksi vilivyowekwa tiki tayari, mara nyingi kuna nyongeza hukuziomba. Piga skrinshoti za kila hatua, haswa ya majibu uliyojaza na ukurasa wa bei. Tovuti za kulinganisha bei ni nzuri kwa kuanzia ila wengi wao wanalipwa kamisheni na baadhi ya kampuni hazimo kabisa, kwa hiyo anayetokea wa kwanza sio lazima awe bora.

Uliza pia siku za kughairi. Sehemu nyingi sheria inampa mnunuzi muda wa kurudisha huduma ya fedha aliyoinunua bila kuonana na muuzaji, Ulaya kwa mfano ni siku 14, na kwa pensheni binafsi siku 30, ila haihusu vitu ambavyo bei yake inapanda na kushuka sokoni kama hisa. Nchini kwako inaweza kuwa tofauti, iko kwenye mkataba, tafuta neno kughairi. Muuzaji anayekasirika ukiuliza hilo ameshakujibu.

Hujauliza mikopo ila najua ukishaanza kubonyeza haya matangazo ya mikopo yatakufuata, kwa hiyo kwa kifupi: usiangalie riba walioandika, angalia kinachoingia mkononi na kinachotoka. Unaomba 10,000, wanakata "ada ya huduma" unapokea 8,500, baada ya siku 14 unarudisha 11,000. Watasema riba ni asilimia 10. Kumbe umelipa 2,500 kwa kutumia 8,500 wiki mbili, hiyo ni zaidi ya asilimia 29, na ukiizidisha kwa mwaka ni kama asilimia 765. Apu ya mkopo ikiomba kuona majina ya kwenye simu yako au picha, ifute, Google wamepiga marufuku hilo kwa apu za mikopo tangu Mei 2023 kwa sababu zilikuwa zinatumika kudhalilisha watu kwa ndugu na mabosi wao.

Kulipa: kadi ya benki ni afadhali kuliko kutuma moja kwa moja, maana kwenye kadi kuna utaratibu wa kupinga malipo kupitia benki iliyokupa hiyo kadi. Ukituma mwenyewe kwenda kwenye akaunti ya mtu au kwa kripto, kurudi ni bahati. Na anayekubali kripto au kadi za zawadi PEKE YAKE kwa huduma ya kifedha, usipoteze muda kumkagua.

Sasa hicho kitambulisho na selfi ulizompa, hili ndo la leo, usisubiri kesho. Picha hizo mbili zinatosha kufungua akaunti au kuomba mkopo kwa jina lako sehemu ambazo ukaguzi ni mlegevu, au kwenda kwa kampuni ya simu kuomba laini yako ihamishiwe kadi nyingine, na laini ikihama zile namba 6 za SMS za benki zinaenda kwake. Piga kampuni ya simu uulize kama wanaweza kuweka pini au zuio la kubadilisha laini. Ijulishe benki yako. Kwenye akaunti za pesa na barua pepe hamia kwenye apu ya kutoa namba za kuthibitisha badala ya SMS pale inapowezekana, na barua pepe ipe nywila yake peke yake isiyotumika popote, maana kila kitu kinarejeshwa kupitia hiyo. Kama kuna taasisi ya taarifa za mikopo nchini kwako omba ripoti yako sasa na uombe tena baada ya miezi michache, uone kama kuna mkopo usioujua. Toa taarifa polisi upate namba ya kumbukumbu, ukija kudaiwa deni sio lako itakusaidia kuonyesha tarehe.

Ajenti usimjibu wala usimtukane, hifadhi maongezi yote kwanza, alafu mbloku. Na akitokea mtu mwingine baada ya wiki mbili tatu, anajiita wakili au mtaalamu wa kurudisha pesa, anajua jina lako na jina la ile apu, anataka ada kidogo ili afute taarifa zako au amrudishie rafiki yako pesa zake, ujue ni wale wale, au wamemuuzia orodha. Rafiki yako mfikishie hii mapema, yeye ndo watamtafuta wa kwanza.